Keki za Pumba na Kopo la Sukari Lililotwaliwa

Nimestaafu kazi ambayo katika miaka yake yote sikuwahi kutoka nyumbani kuiendea. Wenzangu wakistaafu hupewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi mke wangu amenipa ruhusa ya kulala mpaka jua liingie dirishani, na sioni hotuba gani ingelishinda hilo. Zuhura na Neema, nyie mliolichukua jiko langu, mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Najua mlitaka vipimo. Vipimo mnavyo, mmevibandika ukutani, na kimoja mmekikosea, nitawaambia tukifika. Haya ninayoandika ni yale yasiyobandikika.

Sikuzaliwa mwokaji. Nilimaliza kidato cha nne kule Same, nikaja Dar kama wengine, nikaoa mwanamke mwenye akili kuliko mimi, jambo ambalo Kariakoo nzima wanakubaliana nalo, hata wasioulizwa. Tulifungua duka la vitenge. Mimi nilikaa mbele na wateja, yeye nyuma na mizigo. Mteja akiniambia, "Baba, punguza," nilipunguza. Akiniambia, "Punguza tena," nilimwonea huruma kwa jua alilotembea nalo, nikapunguza tena. Siku moja mke wangu alitoka nyuma, akanitazama, akasema kwa ule upole wake wa hatari, "Baba Nakijwa, nenda nyumbani ukawaangalie watoto. Duka nitaliangalia mimi."

Wanaume wa mtaa wetu pale Gerezani walinipa pole. Nikajitahidi kuonekana nimehuzunika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepata nilichokitafuta tangu utotoni: kiti, kivuli, na sababu ya kutotoka.

Nyumba yetu mnaijua. Vyumba vimezunguka ua, bomba moja, kamba za nguo zinazopishana, na kila mtu anajua jirani yake amekula nini. Chumba cha pembeni alikaa, na bado anakaa, Mama Ndeshi, Mchaga wa Marangu, aliyekuwa akioka keki za harusi na kipaimara palepale uani kwa mkaa. Mimi ni Mpare. Neema anaelewa maana yake, ila wewe Zuhura umetoka Lindi, kwa hiyo nieleze: Mpare na Mchaga ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na wewe ukacheka. Anaweza kuingia kwako akachukua kitu akaondoka nacho. Huo si wizi, ametwaa. Ukikitaka itakubidi ukikomboe kwa masharti atakayotoa yeye. Kilichokatazwa ni kimoja tu, kukasirika.

Siku yangu ya kwanza kazini ilianza hivi. Nimekaa kwenye kiti changu, watoto wamelala, yeye anahangaika na moto.

"We Mpare," akaniita, "umekaa hapo kama kesi inayosubiri hakimu. Njoo ushike kifuniko."

"Nikishika kuna malipo?"

"Hee! Ukiuliza tena malipo nitajua kwenu kuna Mchaga mmemficha."

Nikashika kifuniko. Ndiyo ajira yangu hiyo, haikuwa na barua.

Jiko lake lilikuwa sufuria kubwa yenye mchanga chini, ndani yake sufuria ndogo ya keki, juu bati lililopakiwa mkaa. "Juu moto wa kutosha, chini moto wa kubembeleza," alisema. Wengi hugeuza hayo, ndiyo maana keki zao chini ni mkaa na katikati ni uji. Kujua moto umefika, alidumbukiza kipande cha karatasi nyeupe akafunika. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, weka keki. Kikitoka cheusi, toa mkaa na uombe radhi. Wiki ya kwanza niliunguza vinyweleo vya mkono wa kulia vyote. Ya pili nikahamia kushoto, ili nifanane.

Lakini alichonifundisha zaidi kilikuwa kuangalia mikono. Mtu alipokuja kuonja, mimi nilimwangalia mdomo kusubiri sifa. Mama Ndeshi hakusikiliza neno. "Midomo ina adabu," alisema, "mikono haina. Keki haisifiwi, inarudiwa. Mtu akichukua ya pili bila kukaribishwa, hapo umeoka. Akikwambia 'tamu sana' huku amekaa mbali na sahani, jua umempikia mgeni mwenye malezi mema." Miaka yote ya mwanzo niliyomwokea yeye, alichukua moja, akasema, "Bado," akaondoka. Ya pili hakuwahi kuigusa.

Niseme kidogo kuhusu vikopo, maana Zuhura umevilalamikia kwamba ni vizee. Nilipoanza kuoka keki ndogo, zile wanaoziita mafini siku hizi, nilikwenda kwa fundi bati hapahapa Gerezani, nikamchorea kikopo mchangani. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Nikamwambia asilehemu, akunje tu bati, maana ni vya chakula. Akatikisa tena. Nilipovichukua nikapaka mafuta, nikamimina rojo, nikaanza kushangaa inakopotelea. Yule fundi alikuwa ametengeneza vibatari maisha yake yote, na mkono wake haukuweza kuachia kikopo bila kukitoboa tundu la utambi. Nilioka mchanga uliokolea kakao siku ile. Mnavyotumia leo ni toleo la pili. Viheshimuni.

Sasa nifikie kesi iliyonifanya niwe mwokaji wa aina niliyokuwa.

Mama Ndeshi aliugua sukari. Tulijua baadaye sana, kwa sababu alikuwa anakwenda kliniki kimya kimya na kurudi na mfuko wa dawa anaouita "vitamini." Chai yake ilibaki vilevile, kijiko baada ya kijiko, na keki zake alizionja zote, kuanzia rojo hadi makombo. Kisha kidole cha mguu kikapata kidonda kikagoma kupona. Ndeshi, binti yake, alikuwa ameshaolewa Upanga, akaja mchana mmoja akanikuta nachambua mchele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu?"

"Mama hasikii. Daktari amesema kidole kisipokauka watakikata. Nikimwambia kuhusu sukari ananiuliza nani alimzaa mwenzake. Padri amekuja, amempa keki, padri amekula amesahau alichojia." Akanishika mkono. "Baba, wewe ni mtani wake. Kwako hawezi kukasirika."

Mimi ni mtu wa amani, yaani mwoga. Lakini nilikuwa nakijua kile kidole, nilikuwa nimeona jinsi alivyokifunga kitambaa na kukivutia kanga kisionekane. Nikaweka mchele chini. Nikavuka ua, nikaingia chumbani kwake bila hodi, nikachukua kopo lake la sukari, lile kubwa jekundu lenye picha ya ua iliyochubuka, nikatoka nalo juu ya kichwa kama kombe.

"Mpare mwizi!" Alinifuata na mwiko. "Rudisha!"

"Nimetwaa."

Akasimama. Majirani walishatoa vichwa. Alilitazama kopo, akanitazama mimi, mwiko ukashuka polepole. Utani ni utani, na Mama Ndeshi hakuwa mtu wa kuvunja desturi mbele za watu.

"Haya. Masharti ya kukomboa?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimefikiria mbele ya kuchukua. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Nitakuokea keki isiyo na sukari hii, wala unga uliokobolewa. Siku utakayochukua ya pili bila kukaribishwa, kopo ni langu moja kwa moja na chai unakunywa kavu, bila sukari. Nikishindwa mpaka Pasaka, narudisha kopo limejaa."

Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Keki ya nini sasa, ya dona?"

"Ya pumba."

"Mimi nilikimbilia mjini kuacha dona, wewe unanirudisha kwenye pumba! Pasaka si mbali, Mpare. Lioshe vizuri hilo kopo langu."

Pumba nilizijua kwa sababu moja: ni chakula cha kuku. Kwa hiyo nilifunga safari hadi Buguruni, safari ndefu kuliko zote nilizofanya mwaka ule, nikaingia duka la chakula cha mifugo.

"Una kuku wangapi, mzee?" akauliza muuzaji.

"Mmoja."

"Wa mayai au wa nyama?"

"Wa kelele."

Akanihurumia, akanipimia mchanganyiko wake bora. Nikachekecha, nikakaanga, nikatia kakao kwa wingi, nikaoka. Moto ulipokolea, paka wa mtaa wote walianza kuingia uani mmojammoja, wakakaa wameelekea jiko langu, kimya, kama waumini. Nilijisifu kwamba harufu imekubali. Mama Ndeshi aliinua keki hadi puani, wala haikufika mdomoni.

"Hii umeinunua Feri, kwenye samaki?"

Nilikuwa nimetia dagaa waliosagwa. Mchanganyiko bora wa kuku una dagaa, jambo ambalo kila mfugaji analijua, na mimi sasa nalijua kwa niaba ya waokaji wote. Nikamwaga zote. Paka walihudhuria.

Nikajifunza. Tangu hapo ngano naichukua nzima sokoni Kariakoo, naichambua mawe, naipeleka mashine, nachekecha mwenyewe. Pumba safi ni ile inayobaki kwenye chekeche, na unga wake nautumia pia. Nikaoka tena, ndizi zikiwa mahali pa sukari. Mama Ndeshi akatafuna, akatafuna, akaomba maji, akaomba mengine. "Mpare, sijui nani anamla mwenzake hapa." Nyingine niliiondolea utamu wote kwa woga wa kliniki, nikaongeza kakao. Akaitema kiganjani kwa heshima. "Mwarobaini nao umeanza kuokwa?"

Ua mzima ulifurahi Kwaresima ile. Watu waliwahi kutoka kazini waone hukumu. Mimi nilicheka nao, ila nikiwa peke yangu sikucheka. Kidole kilikuwa hakijakauka. Kopo lilikuwa kwangu, lakini mitaa ya Kariakoo ina makopo mengi, na nilimwona akikaribishwa chai dirisha la tatu akikubali haraka mno. Pasaka ilikuwa inakuja, na nilikuwa nimetoa ahadi ya kumrudishia sumu yake kwa mikono yangu, tena kopo limejaa.

Nikakaa kwenye kiti nikatafakari. Kosa langu likaonekana, nalo halikuwa kwenye pumba. Nilikuwa naokea mgonjwa. Mama Ndeshi hakuwa na ulimi wa mgonjwa, alikuwa na ulimi wa fundi. Na fundi ana udhaifu mmoja tu: hawezi kuona kazi ikiharibiwa akanyamaza.

Nikachukua pumba zangu, nikakaa zangu karibu na mlango wake, nikaanza kuzikoroga kavu na unga. Vibaya kwa makusudi. Nikasikia pumzi. Nikaendelea. Nikasikia kiti kikiburuzwa.

"We mwanaume!" Alikuwa amenipa mgongo, kana kwamba anaongea na sufuria zake. "Pumba ni mgeni wa mbali. Unampa kazi kabla hujampa maji?"

"Sasa nimpe maji gani?"

"Mimi sikusaidii. Kuna mtindi. Loweka mpaka zinyamaze. Ukizibonyeza zisilie chini ya kidole." Akagonga sufuria. "Na ndizi uziache ziwe na madoa. Wewe unatumia ndizi zinazojivuna. Tena sijasema kitu."

Hapo ndipo mlipokosea, wanangu. Ukutani mmeandika "loweka kidogo." Siyo kidogo. Mpaka zinyamaze.

Sijui kama alijua anafanya nini. Nimejiuliza tangu hapo. Mtu anayekufundisha jinsi ya kumshinda ama hana habari, ama amechoka kushinda. Sikumuuliza, na nyie msimuulize.

Jumamosi kabla ya Pasaka nilioka. Pumba zimenyamaza kwenye mtindi. Ndizi zenye madoa nimeziponda hadi laini. Mayai, mafuta ya alizeti kidogo, chumvi ya vidole viwili ili kakao ya Kyela iamke, beking pauda mwisho kabisa. Na kitu kimoja ambacho hakuna aliyenifundisha: kijiko cha kahawa nzito. Karatasi ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Juu moto wa kutosha, chini wa kubembeleza.

Mama Ndeshi akaja na kiti chake, akachukua moja. Akaivunja, akaangalia ndani kama anayesoma hali ya hewa. Akaweka mdomoni. Taya likasimama.

"Umetia kahawa."

"Kidogo."

"Ya wapi?"

"Ya kwenu."

Akatafuna pole pole, macho kwenye bomba. Akamaliza. Akajipangusa vidole kwenye kanga, akainuka. Ua wote umemkodolea macho.

"Bado," akasema, akaelekea chumbani kwake.

Nikaketi. Sitaki kuandika nilivyojisikia, mimi ni mwanaume wa Kipare na nina wajukuu. Nikaanza kukusanya vikopo, na hapo nikaona kimoja kiko kitupu. Sisemi cha ile aliyokula mbele yetu. Kile nilikuwa nimekishika. Hiki kilikuwa cha pili, kilichokaa kando yake. Nikainua macho: Mama Ndeshi alikuwa anatembea haraka kuliko mtu mwenye kidole kibovu anavyotembea, mkono mmoja umebana pindo la kanga kiunoni, na pindo limevimba.

"Simama!" Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena. "Mwizi! Mwizi wa keki!"

Akageuka taratibu, hana haya hata chembe. Akaitoa, akaing'ata mbele ya ua mzima.

"Mtani haibi, Mpare," akasema mdomo umejaa. "Anatwaa."

Zuhura, kelele zilizopigwa siku ile, watu wa kituo cha daladala walidhani timu imefunga goli. Mke wangu alikuja mbio kutoka dukani akidhani nimeungua. Nami nikafuata desturi, nikauliza masharti ya kukomboa keki yangu.

"Kesho uoke tena," akasema.

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza. Maana nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba nikishaushinda mkono wake, itabidi niuzuie. Kliniki walimruhusu moja kwa siku, na yeye alidai sheria ya kwetu ni mbili. Tulipigana miezi. Kidole kilikauka, polepole, na hakikukatwa. Nisije nikaitwa mganga: kilikauka kwa dawa, kwa kliniki, kwa Ndeshi aliyekuwa anakuja kukifunga, na kwa chai kavu. Keki ilifanya jambo moja tu, ilimpa sababu ya kukubali hayo mengine bila kuonekana ameshindwa.

Habari ikasambaa. Wakaja wenye maduka wa Kariakoo waliotoka kliniki wamenuna. Wakaja kina mama wa maghorofa ya Upanga, wakituma bajaji. Baadaye ikaja simu na maagizo ya WhatsApp, na kwa mtu asiyependa kutoka, huo ni utume wa Mungu. Msije mkawaambia wateja kwamba hii ni dawa. Nilikuwa na mzee mmoja aliyekula zote za familia kwa siku moja kwa kuwa "ni za afya." Ni keki, waambieni. Ina ndizi, na ndizi nayo ina utamu wake. Uzuri wake ni kwamba moja inatosha, ikiwa umeioka sawasawa, na kama hujaioka sawasawa, moja ni nyingi.

Kopo jekundu lilikaa rafu ya juu miaka yote. Lina kakao sasa. Na kila asubuhi, nikiwa nawasha mkaa, Mama Ndeshi alipita na ndoo yake akauliza, "Mpare, sukari yangu i hai?" Nami nikamjibu, "Inakusalimu." Ndiyo ilikuwa kengele yangu ya kuingia kazini.

Kwa hiyo jambo la mwisho kuwakabidhi ni hilo kopo. Sikuwa na hakika. Vipimo mnaweza, moto mnaweza, ila mtu akija kwa sauti ya kuombaomba, "Wanangu, mzee amestaafu, nirudishieni kikopo changu cha watu," nilijua Zuhura utatoa kwa heshima, maana umelelewa vizuri, na utani si wako. Nikakupangia wewe Neema zamu ya asubuhi, wewe binti wa Same, Mpare mwenzangu. Sikukwambia kwa nini.

Siku ya kwanza ya ustaafu wangu nililala kama nilivyoruhusiwa, dirisha wazi. Nikasikia mkaa ukipepewa. Nikasikia ndoo. Kisha ile sauti, imezeeka ila bado ina mwiko ndani yake:

"Nyie watoto. Sukari yangu i hai?"

Nikainua kichwa kwenye mto nisikilize.

"Shikamoo bibi," ukasema, Neema. "Inakusalimu. Imesema usiisumbue, imeolewa Upareni."

Mama Ndeshi alicheka mpaka nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Nikavuta shuka, nikageukia ukutani, nikalala.